TUPIME KWANZA, TUSIFU NYUMA



Katika toleo lililopita, ukurasa wa tatu, sisi wenyewe tuliandika kwamba "Kuminga wa pili amezaliwa katika shule yetu." Tuliandika hivyo kesho yake ya ushindi wetu wa basketi, pointi 51 kwa 38, sauti zetu zikiwa bado zimekauka kwa makelele. Mdogo wetu wa kalasi ya nne, yule anayepanda na mpira, alikuwa amewachezesha watu wazima kama watoto wa gardieni. Hatutaji jina lake hapa, hata kama shule nzima inamjua. Tulifurahi, tukaandika, tukapiga fotokopi, tukagawa. Kuhesabu, hatukuhesabu kitu.

Wiki mbili nyuma ya pale, baba yake alifika kwa ofisi ya Bwana Prefe na gazeti lile mkononi, limekunjwa mara nne. Alikuja kuomba makaratasi ya mtoto. Mtu mmoja anayejiita menaja alikuwa amemwambia kwamba kijana atapelekwa Kampala, na kutoka kule Ulaya ama Marekani. Kwamba inafaa dola 900 za kuanzia. Kwamba miaka 16 ni mingi kidogo, heri aandikwe 14. Baba alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chake cha upande wa Ndosho. Alipoulizwa anajuaje kama mtoto ataweza, alikunjua gazeti akaonyesha na kidole: "Si munaona? Shule yenyewe imeandika."

Wapendwa, neno lile lilitupiga. Kiwanja cha mtu kilikuwa karibu kuuzwa juu ya mstari mmoja ambao sisi tuliandika kwa furaha tu. Ndiyo maana leo tunarudi kwa jambo lile lile, lakini kwa njia ingine. Tunauliza: kijana akiwa na kipaji, tunapimaje kama ataweza kula mkate kwa mchezo wake? Tena nani ana haki ya kusema ndiyo?

Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo, na inafaa tujifunze kwao. Tulisoma habari za besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Kwetu Goma hakuna anayeucheza, lakini jirani zetu wa Uganda wanaucheza vizuri: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano makubwa ya watoto ya dunia kule Williamsport, Marekani, na mwaka 2022 timu ya Los Angeles Dodgers iliwaandikisha vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Katika mchezo ule, mchunguzi wa vipaji hakai kando ya uwanja kupiga makofi. Anakaa na daftari na saa. Anapima mambo matano: je, kijana anaupata mpira kwa gongo? Akiupata, anaupeleka mbali? Anakimbia namna gani? Anadaka namna gani? Anatupa kwa nguvu gani? Kwa kila jambo anaandika namba kutoka 20 mpaka 80, na 50 ndiyo ya mchezaji wa kawaida wa ligi kubwa. Tena, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi, anaandika namba mbili: moja ya leo, moja ya kesho. Ya leo ni kile alichokiona na macho. Ya kesho ni kile anachodhani kijana atafikia akifundishwa. Hazichanganyi. Sisi katika gazeti letu tulichukua namba ya kesho, tena ile ya ndoto, tukaiandika kama ya leo.

Chukueni mfano wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1990. Mama yake alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya klabu moja ya besiboli kule Randburg, karibu na Johannesburg, na mtoto alikulia katika chumba kidogo cha klabu ile ile. Alikuwa mlinzi wa ndani, maana yake yule anayesimama karibu na vituo, anayeokota mpira unaokuja kwa kasi ukiruka chini, kisha anautupa haraka kabla ya mkimbiaji kufika. Si mrefu: kama mita 1 na sentimita 73. Mwaka 2008 timu ya Pittsburgh Pirates ikamwandikisha. Mikono yake ilikuwa ya ajabu, miguu myepesi. Kwa kudaka, hakuna aliyebisha. Lakini gongo lake lilikuwa na mashaka, na wachunguzi hawakuficha.

Ilichukua muda gani? Aliingia uwanja wa ligi kubwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani kwetu kufika pale, na mara yake ya kwanza kupiga aliupata mpira vizuri, mbele ya timu ya Chicago Cubs. Watu walilia kwa furaha. Lakini hesabuni: kutoka 2008 mpaka 2017 ni karibu miaka tisa katika timu za chini, safari za basi, mshahara mdogo. Na mwaka ule wa 2017 alicheza mechi 28 tu. Katika kila mara tisa za kupiga, alifaulu mbili. Mwaka 2018 alicheza mechi chache na timu ya Toronto, kisha akarudi chini. Je, alishindwa? Sisi tunasema hapana, alifungua mlango ambao hakuna Mwafrika aliyekuwa ameufungua. Lakini mikono ya ajabu peke yake haikutosha kumweka pale juu, na wale waliopima tangu mwanzo walijua ni wapi patakapouma.

Basi, tukanunua daftari.

Sisi watatu wa kamati ya wanafunzi tulihudhuria mechi saba za mdogo wetu, mmoja anaangalia, mmoja anaandika, mmoja anasahihisha. Tuliyoyaona ni haya. Pasi zake zilizozaa kikapu: 41. Hii ni kazi kubwa, hakuna mwanafunzi mwingine wa shule yetu aliyepita 15. Mipira aliyopoteza: 22. Mitupo ya mbali: alijaribu 40, ziliingia 9. Mitupo ya adhabu, ile ambayo hakuna mtu anayekusumbua: alijaribu 31, ziliingia 14, maana yake hata nusu haikufika. Urefu, tulimpima kwa ukuta wa kalasi bila viatu: mita 1 na sentimita 71.

Kisha tukaangalia ni mbele ya nani. Ile mipira 22 aliyopoteza, 13 aliipoteza katika mechi mbili tu, zile tulizocheza na vijana wakubwa wa klabu ya mji. Mbele ya shule ndogo alikuwa mfalme, mbele ya watu wenye mikono mirefu akawa mwanafunzi. Hiyo si haya. Lakini kama hatungeandika, tungekumbuka tu ile pasi aliyoipitisha nyuma ya mgongo.

Tena kuna jambo ambalo tunaliandika kwa aibu kidogo. Mmoja wetu alileta mita ya fundi seremala, tukapima uwanja wetu wenyewe. Sheria inataka duara la kikapu liwe mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Letu liko mita 2 na sentimita 88! Tulipotafuta sababu, mlinzi wa shule alitueleza kwamba walikwisha kumwaga changarawe ya lava mara mbili juu ya uwanja ili maji ya mvua yasitulie, na nguzo hakuna aliyeipandisha. Uwanja ulipanda, duara likabaki pale pale. Mdogo wetu anajifunza kila siku kwa kikapu kilicho chini kwa sentimita 17, halafu akienda kucheza kwa wengine, mitupo yake inagonga chuma mbele. Tulikuwa tunamsifu kwa kipimo kilichopinda, tena tulikuwa tunamharibia mkono bila kujua.

Sasa tunajua kwamba kuna wenzetu watakaosema: "Nyinyi muko na wivu. Kuminga aliondoka mtoto. Mukingoja mambo yote yawe sawa, Goma hii itakuwa sawa siku gani?" Maneno haya hatuyadharau. Sisi pia tuko hapa. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 tuliikimbia sisi wote, wengine mpaka Sake, wengine mpaka Gisenyi, tukiwa tungali wa shule ya msingi, na Januari 2025 hakuna anayehitaji kukumbushwa. Mtu akisema basi linapita mara moja tu, hatuwezi kumwambia anaota.

Lakini tuangalie vizuri mfano wenyewe. Jonathan Kuminga alizaliwa hapa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, mwaka ule ule wa lava ya Januari. Mwaka 2016 alikwenda Marekani, akiwa na miaka 13. Alikwenda kufanya nini? Alikwenda kuingia shule ya sekondari, yenye kalasi, walimu na kocha, akakaa shuleni miaka minne. Mwaka 2021 alicheza mechi 13 katika timu ya vijana iitwayo Ignite, akaweka wastani wa pointi karibu 16 kwa mechi. Tarehe 29 Julai 2021, miezi miwili tu nyuma ya lava yetu, timu ya Golden State Warriors ikamchagua, wa 7 katika vijana wote wa mwaka ule. Juni 2022 alikuwa bingwa pamoja nao.

Na hata yeye, mwenye mita 2 na zaidi, mwenye kifua na mruko ambao Mungu hawapi watu wengi, wachunguzi hawakumsifu bila kuhesabu. Waliandika kwamba mitupo yake ya mbali iliingia karibu robo moja tu, na ya adhabu kama sita katika kila kumi. Kwa maneno yetu: mwili ni wa leo, mkono ni wa kesho. Kama mtu wa mita 2 alisomwa hivyo, mdogo wetu wa mita 1 na 71 atasomwa namna gani? Mfupi anaweza kufika, lakini mfupi asiyetupa atafungiwa mlango mapema, kwa sababu adui atarudi nyuma na kumwachia nafasi: "Tupa basi." Ndiyo ukweli, na afadhali ausikie kwetu kuliko kuusikia Kampala akiwa hana nauli ya kurudi.

Sasa ile habari ya kupunguza miaka. Hapa hatutapunguza maneno. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walikuwa wamekwisha kushinda nafasi ya kwenda Williamsport, wakanyimwa viza kwa sababu makaratasi ya umri wao hayakupatana. Safari ikafa. Ilibidi Uganda ingoje mwaka mwingine. Na kwetu Kongo, ni nani aliyesahau habari ya Silas wa timu ya Stuttgart, Ujerumani? Watu walimshangilia kwa jina la Wamangituka. Juni 2021 ikatoka wazi kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba menaja wake wa zamani alikuwa amemgeuzia jina na umri, tena kwa mwaka mmoja tu. Alipewa adhabu ya kukaa nje miezi mitatu na kulipa faini ya euro 30,000. Yeye mwenyewe alieleza namna alivyoishi kwa hofu, mwenye karatasi zake akiwa ni mtu mwingine. Mwaka mmoja tu, na adhabu ilimwangukia mchezaji. Huyu wa kwetu anataka kupunguza miwili.

Na ile dola 900? Tulifikiri hivi: Pittsburgh haikumwomba mama wa Ngoepe auze kitu. Mtu anayetaka ng'ombe ndiye anayebeba pesa kwenda sokoni, si ng'ombe. Menaja anayeomba mzazi alipe kwanza hajaonyesha kwamba anaamini kipaji cha mtoto. Ameonyesha kwamba anaamini mfuko wa baba.

Basi hukumu yetu ni nini? Tutaiandika kama wale wachunguzi, namba mbili, bila namba. Leo: mchezaji mzuri sana wa shule, mwenye macho ya kuona pasi kabla mwingine hajaiona, mwepesi, mwenye moyo, hatupi vizuri, mbele ya wakubwa anapoteza mpira. Kesho: kama mkono utafundishwa, tunaona nafasi yake katika klabu ya mji bila shida, na labda zaidi. Zaidi ya pale hatujaona ushahidi, na hatutaandika tena bila ushahidi. Kwa hiyo hatusemi "hapana." Tunasema "bado," na bado si tusi.

Tunashauri mambo manne. La kwanza, kiwanja cha Ndosho kisiuzwe. La pili, tarehe ya kuzaliwa ibaki ile ile ambayo mama yake anaijua. La tatu, amalize sekondari apate diploma ya Serikali. Imebaki miaka miwili, na katika miaka miwili mkono unaweza kubadilika kabisa, hata urefu pia labda. La nne linatuhusu sisi wote: duara lipandishwe. Tunaomba Bwana Prefe na kamati ya wazazi watupatie fundi wa kuchomelea kwa siku moja. Kazi ya kuchimba na kubeba tutaifanya sisi wenyewe Jumamosi, na mita tunayo tayari.

Kabla ya kupiga fotokopi tulimwonyesha mdogo wetu maandiko haya. Haingekuwa haki watu wayasome yeye hajayaona. Alisoma pole pole, akiwa amekaa juu ya mpira. Tulingoja akasirike. Alipofika kwa zile 14 kwa 31 alicheka kidogo, akasema: "Yaya, mimi nilifikiri ni mbaya kupita pale." Kisha akatuambia neno ambalo hatukulitazamia: "Watu wote wanasema juu yangu. Menaja anasema, papa anasema, na nyinyi munasema. Hakuna hata mumoja amenifundisha kutupa."

Hatukuwa na jibu. Ni kweli. Katika makofi yetu yote, hakuna aliyebaki naye saa kumi na moja jioni kumrudishia mipira.

Tangu Jumatatu tumeanza kupokezana. Kila jioni mmoja wetu anabaki, mitupo 100, na daftari linaandikwa. Siku ya kwanza ziliingia 43, juzi 47. Tumefunga kipande cha bomba juu ya duara ili asitupe chini, mpaka fundi afike. Baba yake hajasema neno la mwisho. Menaja, tunasikia, atarudi mwisho wa mwezi. Papa, kama unasoma gazeti hili, tunakuomba kwa heshima: lile la zamani tulilikosea. Likunjue hili, na siku menaja atakapokuja, mwonyeshe ukurasa huu, kisha umwulize kama yeye amehesabu.

Ni sisi wakubwa wenu,
viongozi wa wanafunzi, kalasi ya sita.